Si maikrowevu ya jikoni iliyokuzwa

Fundi wangu wa vyombo vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, anasema kinu cha kuunganisha viini vya atomi hupashwa moto na "maikrowevu kubwa tu". Hapana, fundi. Ya jikoni hutikisa molekuli za maji kwa gigahezi 2.45. Humo kinuni hamna maji bali plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo elektroni zake zimeachana na viini. Mawimbi hulenga elektroni zinazozunguka kwenye uga wa sumaku, na masafa ya mawimbi (mitikisiko kwa sekunde) lazima yaoane na mzunguko huo. ITER, kinu cha majaribio cha aina hiyo kinachojengwa Ufaransa, kimepangiwa gigahezi 170, kila jairotroni (mtambo wa kuzalisha mawimbi hayo) ikitoa takriban megawati 1 kupitia dirisha la almasi. Ndiyo, almasi! Tena jairotroni hukaa jengo la pembeni, mawimbi yakipita kwenye mabomba. Ikifa, hubadilishwa bila kukisogelea kinu.