Kukisoma Kiko cha Briari cha Kiitaliano

Kiko kinapofika mezani kwangu, sianzi kwa kutazama umbo lake wala kusoma chapa iliyogongwa ubavuni. Nauchomoa kwanza mdakale, taratibu, huku nikiuzungusha upande mmoja tu, kisha nalielekeza digali dirishani na kuchungulia ndani. Kama fundi alitumia keekee kwa uangalifu, tundu huwa limenyooka, lina upana wa milimita 3.5 hadi 4, na linatokeza chini kabisa ya bori, katikati, bila kupanda juu wala kukwepa pembeni. Tundu likitokeza juu, tumbaku ya chini haiungui, unyevu hutuama, na mvutaji hubaki akilaumu tumbaku isiyo na kosa.

Maneno haya, bori, digali na mdakale, ni ya kiko cha zamani cha pwani, kile cha maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi: bori hushika tumbaku na moto, digali hushusha moshi majini, na mdakale huupeleka kinywani. Kiko cha Kiitaliano hakina maji, lakini sehemu zake tatu zinakaa vizuri ndani ya majina hayo, nami sioni haja ya kukopa mengine.

Mimi ni seremala wa Arusha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya na kurekebisha viko vya briari vilivyotengenezwa Italia kwa mkono. Naandika makala hii kwa sababu wengi wanaoanza kukusanya hutazama mng'ao na jina, ilhali ubora wa kiko huwa umekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mchongaji hajashika tupa: umeamuliwa mlimani, kwenye msumeno na ndani ya pipa la kuchemshia.

Briari si mbao ya shina. Ni nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea, nao Waitaliano huiita radica, neno lenye asili ya mzizi. Kichaka hicho huota kwenye miteremko mikavu yenye mawe kandokando ya Bahari ya Mediterania: Calabria, Maremma ya Toscana, Liguria, Sardinia, na nje ya Italia huko Corsica, Ugiriki na Algeria. Nundu ndiyo ghala la kichaka. Moto ukipita na kuteketeza matawi yote, machipukizi mapya hutoka hapo. Mti uliozoea ukame na moto kwa namna hiyo hufanya mbao ngumu, nyepesi kuliko inavyoonekana, na isiyoungua kirahisi, ndiyo maana mpingo wetu, pamoja na uzuri wake wote, hauwezi kushika nafasi yake kwenye bori. Erica arborea huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, na mtu anayepanda Kilimanjaro hukutana na vichaka vya jamii hiyo akishatoka msituni, lakini biashara ya viko ilijengwa juu ya nundu za Mediterania.

Nundu inayofaa huwa imekua kwa miongo kadhaa. Ikishachimbuliwa haiachwi juani hata kidogo. Hufunikwa na kumwagiwa maji ili isipasuke, mpaka imfikie mkataji, ambaye Waitaliano humwita segantino. Huyu ndiye fundi ninayemheshimu kuliko wote katika mlolongo huu, ingawa jina lake haligongwi kwenye kiko chochote. Anasimama mbele ya msumeno wa duara akiwa na nundu mikononi, na ndani ya nundu hiyo kuna mawe madogo, nyufa na mifuko ya mchanga asivyoweza kuviona mpaka msumeno uvifikie, kwa hiyo kila anapokata anaamua upya kipande kinachofuata kitoke upande gani. Vipande vya katikati hutoa matofali ya kawaida ya viko. Vipande vya ukingoni, vilivyobaki na ganda la nje lenye vipele, ndivyo vinavyotafutwa na wachongaji wa viko vya bei kubwa, kwa kuwa nyuzi za nundu hutoka kwenye kiini na kutawanyika kuelekea ganda kama nywele zilizochanwa.

Hapa panawachanganya wengi, nami nitapaeleza kwa kirefu kidogo. Watu huzungumzia “miali”, yaani mistari iliyosimama wima ubavuni mwa bori, na “jicho la kwale”, yaani vidoadoa vya mviringo, kana kwamba ni aina mbili za mbao. Ni nyuzi zilezile. Ukizitazama kwa ubavu unaona miali. Ukizikata kwa kuzivuka unaona ncha zake, na ncha hizo ndizo macho. Kwa hiyo kiko chenye miali safi pande zote za bori lazima kiwe na macho juu kwenye ukingo na chini kwenye tako, na kiko kinachodai kuwa na miali huku ukingo wake hauna jicho hata moja kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana huenda mistari hiyo imetiwa nguvu kwa rangi.

Baada ya kukatwa, vipande huchemshwa kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 24, ili utomvu na tanini zitoke. Maji hugeuka mekundu kama chai iliyokolea. Mbao isiyochemshwa vizuri huacha uchungu kinywani na hupasuka ikipata joto. Kisha hukaushwa kivulini, polepole, kwa miezi na hata miaka. Nyingi hupata ufa katika hatua hii na kutupwa, na gharama ya zilizotupwa imo ndani ya bei ya kile unachonunua.

Kabla sijajua haya nililipa ada yangu. Nilinunua kwa njia ya posta kiko laini, cheusi, kinachometa, kwa bei iliyonifanya nisubiri miezi mitatu kabla ya kununua kingine. Nilipokifuta kwa pamba yenye spiriti, rangi ilitoka, na chini yake yakatokea mabaka matano ya kizibo, kila moja kubwa kama punje ya mchele, yaliyojazwa mahali palipokuwa na mashimo. Mabaka hayo hayabadiliki rangi mbao inapokolea kwa joto na jasho la mkono, hivyo kila mwaka yanaonekana zaidi. Tangu siku hiyo nakitazama kiko cheusi laini chini ya mwanga mkali kwanza, na napendelea kiko kisicho na rangi kabisa, kilichopakwa nta ya kanauba pekee, kwa kuwa hakina pa kuficha kitu.

Mbao yenye dosari ndogo juu ya uso haitupwi. Fundi anaweza kuipiga mchanga kwa hewa, ili sehemu laini zimomonyoke na nyuzi ngumu zibaki zikiwa matuta, au anaweza kuuchimbachimba uso wote kwa vyombo vya mkono. Walioifikisha njia hii ya pili kwenye kilele, kwa maoni yangu, ni Castello, karakana iliyoanzishwa na Carlo Scotti mwaka 1947 huko Cantù, mji wa Lombardia unaojulikana kwa maseremala wa samani. Mtindo wao wa Sea Rock hauigi kitu. Ukiupitisha chini ya kidole unahisi vilele vidogo vikali visivyofanana, kama mwamba wa tumbawe uliokauka, na kiko chenyewe kinakuwa chepesi mkononi kuliko ukubwa wake unavyoahidi. Scotti alitumia pia akriliki, aina ya plastiki, kwenye midakale wakati wengi walitumia eboniti, yaani mpira uliogandishwa ukawa mgumu. Akriliki ni ngumu zaidi menoni, lakini haigeuki kuwa ya kijanikahawia kwa jua na mate kama eboniti, na mrekebishaji yeyote aliyewahi kukaa na msasa akiondoa ukoko huo wa kijani ataelewa kwa nini nalitaja jambo hili kwa shukrani.

Kutoka Castello walitoka Giuseppe Ascorti na Luigi Radice, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walianzisha Caminetto karibu na Cantù, yenye chapa ya masharubu, kabla ya kila mmoja kufungua karakana ya jina lake. Savinelli ni habari nyingine: duka la Milano la mwaka 1876, kisha kiwanda kikubwa karibu na Varese baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Viko vyake vingi ni vya mashine kwa sehemu kubwa, vingine vikitumia kichujio cha mti wa balsa cha milimita 6, na kwa anayeanza ni mlango mzuri, kwa sababu matundu yake yametobolewa sawasawa.

Pesaro, upande wa Bahari ya Adriatiki, walishika njia yao. Giancarlo Guidi alianzisha Mastro de Paja mwaka 1972, na mwaka 1982 akaanzisha Ser Jacopo pamoja na Bruto Sordini. Wao huongeza fedha, pembe na mianzi, hupinda digali, na katika mfululizo wao wa Picta walichonga viko kwa kufuata vile vinavyoonekana katika michoro ya wachoraji kama Van Gogh. Navipenda kuvitazama. Lakini mkono wangu hurudi Cantù, ambako umbo huwa nene, limetulia, na linafuata mwelekeo wa nyuzi.

Kuhusu kuvuta nitasema kweli: moshi wa kiko hudhuru kinywa na koo hata usipouvuta mapafuni, na mtu anaweza kufurahia mkusanyiko mzima bila kuwasha kiberiti. Mimi huwasha mara moja kwa juma. Anayewasha na ajaze bori kwa awamu, chini kwa wepesi na juu kwa kushindilia kidogo, kisha avute polepole kiasi kwamba bori liweze kushikwa bila kuunguza kiganja. Kiko kilichotumika leo kipumzike siku mbili au tatu. Tabaka la masizi ndani ya bori lisizidi milimita moja na nusu, maana likiwa nene hutanuka kwa joto na kuipasua mbao. Mdakale usichomolewe kiko kikiwa na moto: kiungio huwa kimetanuka, na digali hupasuka kwa mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Nimeusikia mara moja, kwenye kiko changu mwenyewe, na ufa ule sikuweza kuufunga bila kuuzungushia pete ya fedha.

Sea Rock ninayoitumia haikutiwa rangi ilipotengenezwa. Ilinifikia miaka sita iliyopita ikiwa ya rangi ya asali. Upande wa kushoto bado ni hivyo. Upande wa kulia, mahali kidole gumba kinapokaa, vilele vimelainika na vimekuwa vya rangi ya karafuu kavu.