Memori iliyotengwa na keneli: dhana potofu na ukweli wake

Mashine ya Linux ina RAM ya GiB 16, lakini ukifungua `/proc/meminfo`, faili ambamo keneli (kiini cha mfumo endeshi) huonyesha hali ya memori, unakuta MemTotal, yaani jumla ya memori, imepungua kwa mamia ya MiB. Hapo ndipo maneno huanza: keneli imekula memori, kuna programu inavuja, RAM ni feki. Mengi ya maneno hayo yana chanzo kimoja: watu huichukulia memori iliyotengwa kama kitu kimoja chenye namba moja. Kwenye Linux kuna aina kadhaa za kutenga, na kila aina husomwa mahali pake.

Dhana: MemTotal ni RAM yote iliyofungwa kwenye mashine

MemTotal ni kile kilichobaki baada ya wengine kuchukua chao. Programu ya ubao mama hujitengea eneo lake kabla keneli haijaamka, na michoro iliyomo ndani ya prosesa inaweza kumega fungu lake. Kisha keneli yenyewe inahitaji mahali pa kukaa.

Fungu ambalo wengi hawalijui ni daftari la kurasa. Keneli hugawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096, na kwenye mifumo ya biti 64 kila ukurasa huandikiwa rekodi inayoitwa `struct page`, mara nyingi ya baiti 64. Piga hesabu: GiB 16 ni kurasa 4,194,304, zidisha kwa baiti 64 unapata MiB 256. Zimekwenda kabla programu yako hata moja haijaanza, na hazijapotea bure, maana bila rekodi hizo keneli haiwezi kujua ukurasa upi uko mikononi mwa nani.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, tafuta kwenye `dmesg` (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli) mstari unaoanza na `Memory:`. Unafanana na huu:

`Memory: 16200000K/16640000K available (... 440000K reserved, 0K cma-reserved)`

Namba ya pili ni RAM ambayo keneli imeikuta, ya kwanza ni iliyo tayari kugawiwa, na tofauti yake ndiyo `reserved`. Usiichukulie kuwa ya mwisho. Mistari kadhaa chini utaona `Freeing initrd memory` na `Freeing unused kernel image`: hayo ni maeneo yaliyohitajika wakati wa kuwaka tu, na sasa yanarudishwa. Kwa hiyo MemTotal unayoisoma baadaye mara nyingi huizidi kidogo namba ile ya kwanza.

Ramani kamili ya maeneo iko kwenye `/proc/iomem`. Isome kama root, yaani msimamizi wa mfumo. Mtumiaji wa kawaida huonyeshwa anwani zote zikiwa sifuri, na wapo wanaohitimisha kwamba hakuna kilichotengwa.

Dhana: HugePages_Free ikiwa kubwa, nafasi ipo

Hii ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoendesha hifadhidata, na naona vibao vingi vya ufuatiliaji vinaipuuza. HugePages ni bwawa la kurasa kubwa kuliko zile za baiti 4096, linalotengwa mapema. Tuseme `/proc/meminfo` inasema:

`HugePages_Total: 512`
`HugePages_Free: 500`
`HugePages_Rsvd: 488`
`Hugepagesize: 2048 kB`

Programu moja imeomba kurasa kubwa 500 kwa `mmap` (wito wa kuomba memori), lakini hadi sasa imegusa 12 tu. Zile 488 bado zinahesabiwa kuwa huru, ila keneli imeshaziwekea ahadi. Atakayekuja kuomba ana 500 ukitoa 488, yaani kurasa 12, sawa na MiB 24. Programu ya pili ikiomba 50 itakataliwa kwa ENOMEM (kosa la kukosa memori) huku kibao chako kikionyesha karibu GiB 1 iko wazi. Kinachofaa kuwekewa tahadhari ni Free ukitoa Rsvd.

Jambo jingine: bwawa zima la kurasa hizo, GiB 1 kamili katika mfano huu, huhesabiwa na amri ya `free` kuwa limetumika hata kama hakuna aliyeligusa. Ukiona matumizi makubwa ambayo ukijumlisha programu zote huyapati, anza kuangalia hapo. Na kuandika 3 kwenye `drop_caches` hakutasaidia. Amri hiyo huachia kache inayoweza kutupwa, haigusi kilichotengwa.

Dhana: memori ya CMA imelala bure ikisubiri kamera

Eneo la CMA (Contiguous Memory Allocator) hutengwa kwa ajili ya vifaa vinavyohitaji memori iliyoshikana bila kukatika. Kifaa kisipolihitaji, keneli huliazima kwa kurasa zinazohamishika, na kifaa kikija huzihamisha. Kwa hiyo CmaFree (kiasi cha CMA kilicho huru) kushuka peke yake si dalili ya hatari. Hali ni tofauti kwa maeneo yaliyotengwa kwenye devicetree (maelezo ya vifaa vya mashine ambayo keneli huyasoma) kwa alama ya `no-map`: hayo keneli haiyaazimi kwa mtu.

Dhana: `min_free_kbytes` ni memori iliyofichwa, ipunguze uongeze nafasi

Hakuna kilichoondolewa kwenye MemTotal hapa. Ni kiwango cha akiba ya dharura: pakiti ya mtandao ikiingia, kiendeshi cha kadi hakiwezi kusubiri kurasa zisafishwe, kinahitaji ukurasa papo hapo. Nyaraka za keneli zinaonya kwamba ukishuka chini ya 1024 mfumo unaweza kukwama ukizidiwa na kazi, na ukipandisha kupita kiasi utaishiwa memori mara moja. Viwango halisi vya kila zoni (fungu la memori), `min`, `low` na `high`, viko kwenye `/proc/zoneinfo`.

Dhana: nimeandika `crashkernel=256M`, basi eneo lipo

Kigezo hiki cha kuwashia keneli huomba eneo la keneli ya akiba, ile inayorekodi hali ya mfumo mashine ikianguka. Umeomba, hujapewa. Keneli ikikosa eneo linalofaa huandika ujumbe kwenye `dmesg` na kuendelea kuwaka kama kawaida, nawe utagundua siku mashine inapoanguka bila kuacha rekodi yoyote. Soma `/sys/kernel/kexec_crash_size`: thamani yake ni kwa baiti, na sifuri ina maana hakuna kilichotengwa. Kisha soma `/sys/kernel/kexec_crash_loaded`, kwa sababu eneo linaweza kuwepo bila keneli ya akiba kupakiwa ndani yake. Eneo hilo unaweza kulipunguza mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, mradi keneli hiyo haijapakiwa. Kuliongeza kunahitaji kuiwasha upya.