Kofia janja za pikipiki: kwa nini zinachelewa kufika sokoni

Tangu watu waanze kuagiza mtandaoni kofia ngumu zenye bluetooth, kamera na ramani inayoonekana mbele ya jicho, sisi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tumekuwa tukipokea malalamiko ya aina mbili. Waagizaji wanasema mizigo yao inashikiliwa bandarini bila sababu. Vijana wabunifu wanasema tunaua ubunifu. Sababu ipo: kofia janja ni kofia kwanza, na hupimwa kama kofia.

Maabara huivalisha kichwa cha chuma chenye kipima mshtuko, huiinua karibu mita 3, kisha huiachia idondokee fuawe, yaani kitalu cha chuma kigumu, kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa inataka mshtuko unaofika kichwani usizidi mara 275 ya mvutano wa dunia. Kinachoumeza mshtuko huo ni povu la ndani, kwa kubonyea. Sasa chimba povu upate nafasi ya betri na spika: hapo povu limebaki jembamba, na betri haibonyei. Baada ya pigo, kona ya betri huacha alama upande wa ndani, palepale kichwa kinapokaa.

Kofia iliyopigwa haifai tena. Nyingine huokwa kwa nyuzi joto 50 kabla ya kudondoshwa, nyingine hupozwa chini ya sifuri, nyingine hunyunyiziwa maji. Kila ukubwa wa ganda una sampuli zake. Mtengenezaji akihamisha betri kwenda upande mwingine, ripoti ya awali haimsaidii. Anaanza upya, na hapo ndipo mitaji ya kampuni changa inapokatikia.

Skully ya San Francisco ilichangisha zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni mwaka 2014 kwa kofia yenye kamera ya nyuma na kioo cha taarifa. Mwaka 2016 ilifunga milango, na maelfu ya waliolipia hawakupata kitu. Januari mwaka huohuo BMW ilionyesha kofia ya namna hiyo Las Vegas. Mwaka 2023 ilichopeleka sokoni ni miwani ya taarifa, si kofia. Kama kampuni kubwa kiasi hicho ilibadili njia, tatizo si urasimu wa ofisi za Dar es Salaam.

Na tafadhali, stika ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) si cheti cha serikali ya Marekani. Huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na serikali hupima baadaye kofia zilizokwisha kuingia madukani. Tumelieleza hili mara nyingi. Alama ya E ndani ya duara, ya Kanuni namba 22, ndiyo inayotangulizwa na kipimo cha maabara, na toleo la sasa la kanuni hiyo, 22.06, linapima pia kofia ikiwa na vifaa ilivyokusudiwa kubeba.

Mwagizaji anapaswa kupata cheti cha ulinganifu, yaani cha kuonyesha bidhaa inakidhi viwango, kabla mzigo haujapakiwa huko unakotoka. Mzigo ukifika bila cheti, utakaguliwa hapa, mwagizaji atalipa gharama za ukaguzi pamoja na adhabu, na ukishindwa vipimo utarudishwa au kuteketezwa kwa gharama yake, si yetu. Cheti hicho hakigusi redio. Bluetooth inahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa ombi jingine na nyaraka nyingine. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Betri ya lithiamu nayo ina ripoti yake ya usalama wa usafirishaji, na shirika la ndege litaitaka kabla ya kupokea boksi.

Aliyetoboa ganda la kofia nzuri ili afunge kamera amebaki na kofia ambayo hakuna maabara iliyowahi kuipima, hata kama alama bado imebandikwa nyuma.

Kwa wabunifu, njooni na mchoro kabla hamjalipia kalibu ya kutengenezea ganda. Kuhamisha betri kwenye karatasi ni kazi ya siku moja. Kalibu ikishachongwa, mtachonga nyingine.