Rafu haijui nani anatokwa jasho usiku

Juma lililopita kijana mmoja alimleta mama yake kwenye duka langu la dawa hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Mama huyo anauza mukene, yaani dagaa, sokoni na umri wake ni miaka 51. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akiamka usiku wa manane shuka zimelowa, moyo unamwenda mbio, kisha baridi inamshika. Amemeza dawa ya malaria mara tatu. Vipimo vyote vitatu havikuonyesha malaria, lakini jasho la usiku huku kwetu lina jina moja tu, basi akapewa dawa vivyo hivyo. Nilipomuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, alimtazama mwanawe kwanza, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, akiniita musawo, yaani mhudumu wa afya: "Musawo, huu ni mwaka wa pili."

Nikaanza kumweleza habari za estrojeni, homoni ya kike ambayo hupungua mwilini hedhi inapokoma, na kupungua huko ndiko huleta jasho kama lake. Kijana akanikatiza, kwa adabu kabisa: "Lakini musawo, hizo homoni za komahedhi ni za Wazungu. Mama zetu hawana mambo hayo. Zingekuwa na kazi hapa kwetu, si mngekuwa nazo dukani?"

Maneno hayo nimeyasikia kwa waume, kwa wauguzi, na mwaka huu kwa mwakilishi wa msambazaji aliyekuja kuchukua oda yangu. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniumiza zaidi, maana kazi yake ni kujua dawa inafikaje dukani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta na foleni inangoja. Leo nimeketi.

La Uzungu tulimalize upesi. Huko Marekani kuna utafiti uitwao SWAN uliowafuatilia wanawake wa asili mbalimbali kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba nusu ya wanawake waliopata joto la ghafla na jasho la usiku walikaa nalo kwa zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake weusi ilikuwa miaka 10.1, muda mrefu kuliko kundi jingine lolote. Kwa hiyo ukiniambia jambo hili ni la Wazungu, umeligeuza juu chini. Ni kweli kwamba mwanamke mweusi wa Marekani si muuza mukene wa Busia, na nitalirudia hilo. Lakini miaka kumi ya kutolala si kitu cha kumwambia mtu avumilie kwa sababu ya rangi yake.

Sasa rafu. Njoo usimame nilipo mimi uitazame. Kuna Depo ya miligramu 150, ile sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu. Kuna Sayana Press ya miligramu 104, ambayo mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe chini ya ngozi. Kuna vidonge vya uzazi wa mpango vya aina kadhaa na vile vya dharura. Vipandikizi, vile vijiti vya chini ya ngozi ya mkono, viko kituo cha afya. Ukiondoa estrojeni iliyomo ndani ya vidonge mchanganyiko, vyote hivi ni projestini, yaani homoni zinazoiga projesteroni, homoni nyingine ya kike. Estrojeni ya mwanamke aliyekoma hedhi sina hata pakiti moja. Naiagiza Kampala, na mara nyingi jibu ni "subiri kwanza".

Je, rafu hii ilipangwa na mahitaji ya wanawake wa Busia? La. Ilipangwa na mnunuzi. Mwaka 2013 wahisani na kampuni ya Bayer walikubaliana kwamba vipandikizi vya Jadelle milioni 27 vitanunuliwa katika miaka sita, viwe vimetumika au la, na kwa ahadi hiyo bei ikashuka kutoka takriban dola 18 hadi dola 8.50. Mkataba wa namna hiyo ukafuata kwa kipandikizi kingine, Implanon. Mwaka 2014 Sayana Press ikaingia Uganda, ikipelekwa mpaka kijijini na wahudumu wa VHT, yaani timu za afya za vijiji, na mwaka 2017 bei yake kwa wanunuzi wa msaada ikafika senti 85 za dola. Siyasemi haya kwa kulalamika. Nimeona sindano hiyo ikimpa msichana nafasi ya kumaliza shule. Ninachosema ni kwamba soko hilo halikuota lenyewe kama majani baada ya mvua. Watu waliketi mezani, wakaahidi kununua, kiwanda kikakubali, ndipo dawa ikafika kwangu. Kwa mwanamke wa miaka 51 hakuna aliyeketi mezani. Nchi ambayo takriban nusu ya watu wake hawajafika miaka 18, macho yote ya afya ya wanawake yako kwenye uzazi, na anayemaliza uzazi anamaliza pia kuhesabiwa.

Na mnunuzi akiondoka, rafu huondoka naye, hata pale ambapo haja ni kubwa na kila mtu anaiona. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, vidhibiti mimba vya thamani ya dola milioni 9.7 vilikwama ghalani Ubelgiji, na serikali ya Marekani ikatangaza kwamba vitateketezwa. Je, haja ya wanawake iliisha siku ile? Upande wa pili, mwaka 2022 Uingereza ilipungukiwa na jeli ya estrojeni mpaka serikali ikaweka kikomo, mwanamke asipewe zaidi ya dawa ya miezi mitatu kwa mara moja. Kwa hiyo mwaka uleule wanawake wa nchi moja walikuwa wakizunguka famasi kuitafuta, mimi nikiambiwa kwamba dawa hiyo haitafutwi na mtu.

Hapa ndipo rafu inapoleta hatari. Mwenye duka anaona mwanamke anawaka moto, anajua tatizo ni homoni, anatazama alichonacho, anampa vidonge vya uzazi wa mpango. "Homoni ni homoni." Mwezi wa tatu alinijia mama wa miaka 54 aliyekuwa akimeza vidonge hivyo kwa ushauri wa duka la jirani. Presha yake ilikuwa 170 kwa 105.

Homoni si homoni! Vidonge vile vina ethinilestradioli, estrojeni iliyotengenezwa Berlin mwaka 1938 katika maabara za Schering. Walichofanya ni kuipachika estradioli, estrojeni ya mwili wenyewe, mkia mdogo wa kaboni ili ini lisiweze kuivunja haraka. Kwa kazi ya kuzuia mimba ni jambo zuri. Lakini kwa sababu ini haliimalizi, inakaa palepale inaliamuru litengeneze protini za kugandisha damu kwa wingi, na inapandisha presha. Estradioli ya kawaida, ile ileile ambayo ovari za mama huyu zilikuwa zikitoa, haiamuru ini kwa nguvu hiyo. Ikipitia kwenye ngozi kwa plasta au jeli, hailipitii ini kwanza, na tafiti za uangalizi hazijaonyesha kwamba inaongeza mgando wa damu.

Sasa sikia kinachonikosesha usingizi mimi. Kidonge cha uzazi wa mpango kimeandikwa mikrogramu 30. Kidonge cha estradioli kimeandikwa miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000. Mtu anatazama namba, anasema kile cha kwanza ni chepesi, tena ni bei rahisi, ampe mama. Nimeliona hili kwa mtu mwenye cheti ukutani. Mikrogramu 30 za ethinilestradioli zina nguvu kwenye ini kuliko ile miligramu moja nzima. Namba za dawa mbili tofauti hazilinganishwi, kama usivyolinganisha kijiko cha pilipili na kijiko cha unga. Mwanamke aliyevuka miaka 50, mwenye presha, ukimpa kidonge hicho unamsogeza kuelekea kiharusi, na unafanya hivyo kwa sababu tu ndicho kilichokuwapo.

Wanaozungusha dawa za asili sokoni na kusema viazi vikuu vina homoni ya kike, nao niwajibu kwa kifupi. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Alitumia maabara. Tumbo la binadamu haliwezi kufanya kazi ile, hata ule gunia.

Halafu saratani. Kila nikitamka estrojeni, kuna anayesema saratani, na ukimuuliza kaisikia wapi, habari inarudi Julai 2002. Sehemu moja ya WHI, utafiti mkubwa wa homoni za komahedhi nchini Marekani, ilisimamishwa, magazeti yakapiga kelele dunia nzima, na mauzo ya Premarin, dawa za homoni hizo zilizokuwa zikiiingizia kampuni ya Wyeth zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka, yakaporomoka. Wanawake 16,608 walikuwa katika sehemu ile. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Rudia namba hiyo: 63. Si wanawake wa miaka 50 wanaoamka na shuka zimelowa, wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma. Waliomeza dawa walipata saratani ya matiti 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na ambao hawakumeza walipata 30. Tofauti ni wanawake wanane. Ni wanane wa kweli, sitawadharau, lakini si kile kilichofika huku kwetu, kwamba ukiimeza lazima upate.

Na dawa gani ilisababisha? Walikuwa wanameza vitu viwili pamoja, estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, na projestini iitwayo medroksiprojesteroni. Sehemu ya pili ya utafiti ilikuwa ya wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mji wa mimba, waliopewa estrojeni peke yake. Ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka, na miaka iliyofuata ilionekana kuwa imepungua. Kwa hiyo kidole kinaelekea kwa medroksiprojesteroni. Je, unaijua? Ndiyo ileile iliyomo ndani ya Depo. Mwanamke yuleyule aliyeichoma miaka kumi na mitano bila hofu ndiye anayekimbia akisikia estrojeni.

Tafadhali usiondoke hapa ukaenda kuitupa sindano. Msichana wa miaka 25 hatari yake ya saratani ya matiti ni ndogo sana tangu mwanzo, hivyo nyongeza ndogo juu yake inabaki ndogo, na mimba asiyoitaka nayo inaua. Wala usidhani estrojeni peke yake ni salama kwa kila mtu. Mwenye mji wa mimba lazima apate na projesteroni au projestini, la sivyo ukuta wa ndani unakua bila breki, na saratani ya hapo ni ya kweli kabisa, imejulikana tangu 1975. Saratani inayowamaliza zaidi wanawake wa Uganda ni ya mlango wa kizazi, nayo inatokana na kirusi cha HPV. Mwezi Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuliondoa lile onyo kali la saratani ya matiti na magonjwa ya moyo, lililowekwa baada ya WHI kwenye pakiti za homoni hizi. Onyo lilichukua siku chache kutufikia. Marekebisho yake yamechukua zaidi ya miaka ishirini, na bado yako njiani.

Lakini mashaka yangu siyafichi. Namba zote nilizozitoa ni za wanawake wa kwingine. Tumewahi kufundishwa hapahapa Uganda, kule Kampala, kwamba miili haiishi peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake wenye VVU waliokuwa na kipandikizi huku wanameza efavirenzi, mojawapo ya dawa za ARV, na kati ya 20, watatu walishika mimba, kwa sababu dawa moja ilikuwa ikiimaliza nyingine mwilini. Ni nani angeyajua hayo kutoka Ulaya? Sasa wanawake wale wanazeeka, shukrani kwa ARV, wanaingia komahedhi wakiwa na vidonge vyao vya kila siku, na mimi napaswa kuwashauri. Nashauri kwa uangalifu, na usiku narudia hesabu. Tena vitabu vinasema mwanamke achunguzwe matiti kwa eksirei kabla na kila baada ya muda. Kutoka hapa mpaka mashine hiyo ni safari ya siku nzima na pesa ya wiki nzima. Je, nimnyime dawa kwa sababu mashine iko mbali? Wakati mwingine nimejibu ndiyo, na sina hakika kwamba nilijibu sawa.

Kuna dawa mpya zisizo homoni kabisa, fezolinetanti ya Astellas iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na elinzanetanti ya Bayer iliyofuata 2025, ambazo hutuliza ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Zingemfaa sana mwanamke aliyepata saratani ya matiti. Kwa bei zinazouzwa huko, hakuna muuza mukene atakayeigusa bila mtu kuketi mezani kwa ajili yake.

Mama yule nilimpima presha mara mbili, nikamwacha apumzike kati yake. Mara ya pili ilisoma 148 kwa 92. Nilimuuliza kama amewahi kutokwa damu tangu hedhi ikome, kama ana uvimbe kwenye titi, kama mguu umewahi kuvimba upande mmoja. Hapana kwa yote. Nikamwandikia barua ya kumpelekea daktari wa wanawake, nikaandika neno plasta na kulipigia mstari, na nikapiga simu Kampala kuuliza kama ipo. Kijana alisikiliza yote. Mwishoni aliuliza kama ndiyo maana mama hugombana nao kila asubuhi. Nikamwambia mtu asiyelala mwaka mzima hugombana na yeyote.

Mama alikunja barua akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake. Alisema atarudi Jumamosi soko likiisha, na safari hiyo atakuja peke yake, kwa sababu bado ana maswali.