Kiingereza cha faili hakitoshi kwenye OET

Wauguzi wanaokuja kwangu hapa Moshi kujiandaa na OET, mtihani wa Kiingereza kwa wahudumu wa afya, huja na madaftari yaliyojaa majina ya magonjwa na dawa. Kwa sehemu ya kuzungumza, nawaomba wayaweke pembeni kwanza. Hakuna anayewapima utaalamu wa tiba pale. Kinachopimwa ni namna wanavyoongea na mgonjwa.

Na hapo ndipo penye shida yetu. Kiingereza tulichonacho tumekipata darasani, kwenye mafaili na kwenye ripoti za kupokezana zamu. Mgonjwa tunaongea naye Kiswahili, au Kichaga kama ni bibi aliyeteremka kutoka Kibosho. Kwa hiyo muuguzi mwenye miaka mingi wodini anaweza kuandika ripoti safi kabisa, lakini hajawahi kumtuliza mtu mwenye hofu kwa Kiingereza hata siku moja. Uwezo wa kutuliza anao, ila haujawahi kupita kwenye lugha hiyo.

Mtihani wa kuzungumza wenyewe huchukua kama dakika 20. Unaanza na maongezi mafupi yasiyo na alama, halafu maigizo mawili ya dakika 5 hivi kila moja. Kabla ya kila igizo unapewa dakika 3 za kusoma kadi yenye maelezo ya igizo, na unaruhusiwa kuandika juu yake. Anayeigiza mgonjwa au ndugu wa mgonjwa siye anayetoa alama. Mazungumzo yanarekodiwa na kusahihishwa na wengine. Vigezo vinne ni vya lugha, vitano ni vya mawasiliano na mgonjwa. Kwa wanaokwenda Uingereza, baraza la wauguzi la kule, NMC, linataka alama 350 katika kuzungumza.

Chukua kadi moja ninayoitumia kwenye mazoezi. Mzee ana kisukari na kidonda mguuni, hataki kulazwa. Wengi huanza moja kwa moja: kidonda kibaya, mguu utakatwa, lazima ulazwe. Kiingereza hakina kosa, lakini mzee anazidi kukataa. Mwenzao mmoja alisalimia, akauliza mzee angependa aitwe nani (huku tungesema “baba” na heshima ikawa imefika), kisha akauliza: ni kitu gani kinakupa wasiwasi ukifikiria kulazwa? Kwenye kadi ya mgonjwa, ambayo mtahiniwa haioni, niliandika kwamba mke wake anasumbuliwa na kusahau na hana wa kubaki naye. Jibu likatoka. Muuguzi akalirudia kwa maneno yake, akampa pole, na ndipo akaingia kwenye habari za kidonda, kidogo kidogo, akisimama kuuliza kama wanaelewana.

Hiyo pole ya Kiingereza ndiyo ya kuifanyia mazoezi kwa sauti. Ukitoka zamu, chukua mazungumzo ya kweli uliyofanya siku hiyo, kwa mfano ulivyomweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa nyumbani, uyarudie kwa Kiingereza na mwenzako. Jina la mgonjwa libaki hospitali. Jirekodi kwenye simu. Ukijisikia unatoa amri tupu, au unamwaga maelezo bila kupumua, rudia. Neno la kitabuni likikuponyoka, lieleze kama ungemweleza shangazi yako.

Lafudhi isiwanyime usingizi. Kuongea Kiingereza chenye sauti ya Machame au Monduli si kosa, mradi maneno yanasikika vizuri. Mazoezi ya kuiga Waingereza siyapendi hata kidogo. Yanakula muda na yanamfanya mtu aongee kwa kujibana.

Zile dakika 3 zitumie kupigia mstari kazi ulizopewa, hasa ile inayosema ujue mgonjwa anahofia nini. Muda ukiisha kabla hujagusa kila kitu kwenye kadi, usitaharuki wala usikimbize sentensi za mwisho. Malizia unachomweleza mgonjwa kwa mwendo uleule.