Kwikwi ya Churchill haikuchora mpaka

Kwenye ramani, mpaka wa Jordan na Saudi Arabia unakunjika ghafla kama jino la msumeno. Eti Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alilewa mchana, kwikwi ikamshika kalamu ikiwa mkononi. Inachekesha, ila tarehe zinakataa. Kona ile ilitokana na Mkataba wa Hadda, Novemba 2, 1925, na wakati huo Churchill alikuwa Waziri wa Fedha. Aliyejadiliana na Ibn Saud, mwanzilishi wa Saudi Arabia, kambini Bahra ni mjumbe wa Uingereza, Gilbert Clayton. Ibn Saud alipata Wadi Sirhan, bonde la njia ya misafara, kwa sharti asijenge ngome Kaf, kijiji cha bonde hilo. Waingereza, nao si wajinga, wakabaki na ukanda unaounganisha Transjordan (Jordan ya leo) na Iraq.