Potasiamu katika chumba cha wagonjwa mahututi: ukaguzi wa watu wawili

Miongoni mwa dawa tunazozishika kila siku katika chumba cha wagonjwa mahututi, hakuna ninayowasisitizia wauguzi wapya kama potasiamu kloridi. Mgonjwa anayeharisha sana, au anayepewa dawa za kukojoza, hupungukiwa potasiamu na moyo wake huweza kuanza kupiga ovyo, kwa hiyo dawa hii huokoa maisha. Lakini ikisukumwa moja kwa moja mshipani bila kuchanganywa, inaweza kuusimamisha moyo huohuo kwa dakika chache.

Hatari huanzia kwenye rafu. Kichupa cha mililita 10 cha potasiamu ya asilimia 15 kina milimoli 20 (kipimo cha kiasi cha potasiamu), na dawa yake haina rangi, sawa na kichupa cha maji ya kuyeyushia dawa kilicho jirani. Usiku wa manane, kengele ya mashine ikilia kitanda cha pili, mkono huenda ulipozoea kwenda. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2007 kwamba dawa za aina hii zidhibitiwe, nami nashikilia kwamba vichupa hivyo viondolewe kwenye trei ya kawaida, vifungiwe peke yake, na pale famasia inapoweza, dripu ije ikiwa imeshachanganywa. Kumwambia muuguzi aliyechoka awe makini hakutoshi.

Dawa inapoandaliwa, wauguzi wawili hukagua, na hapo ndipo ninapoona kasoro nyingi. Ukimwuliza mwenzako, "Sista, hii ni 125 kwa saa, sivyo?" umeshampa jibu, naye ataitikia tu. Muuguzi wa pili asome mwenyewe agizo la daktari na apige hesabu yake: milimoli 40 ziko ndani ya mililita 500, mgonjwa anatakiwa kupata milimoli 10 kwa saa, basi pampu iwekwe mililita 125 kwa saa. Ndipo walinganishe majibu. Kasi inayozidi hiyo kwa kawaida huhitaji mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa kati, na moyo ufuatiliwe kwenye monita muda wote.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kwa urahisi. Potasiamu ikiongezwa kwenye mfuko wa dripu uliokwisha kutundikwa, huweza kutuama chini, karibu na mdomo wa mpira, na mgonjwa akapokea dozi kali mwanzoni. Ushushe mfuko, uongeze dawa, uupindue juu chini mara kadhaa, kisha ubandike lebo yenye jina la mgonjwa, dawa, kipimo, saa na sahihi za wauguzi wote wawili, kabla hujautundika tena.